Tanuri Aliliwasha Ancil

Belle Roche,
Tobago.
14 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Verlyn,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Carlton, na kwamba baridi ya huko Toronto haijaanza kukutafuna vidole. Mgongo unaendeleaje? Yule daktari mpya anakusikiliza, au naye anatazama kompyuta tu? Sisi hapa hatujambo. Goti langu la kulia hunisumbua mvua ikija, na mwezi huu mvua imekuja karibu kila siku, lakini nasimama nalo hivyo hivyo.

Najua Eulah amekupigia simu kukuambia kwamba nimeaibisha ukoo mzima kanisani, Siku ya Mavuno. Binamu yetu ana mdomo mwepesi, na siku hiyo alikaa nyuma kabisa, karibu na ile spika mbovu. Mimi nilikuwa mbele. Basi teleka chai, ukae, usikie kwa mwenye habari.

Mwezi wa sita Shemasi Hesketh alimfukuza Ancil kazi. Mwanangu amepika katika nyumba ya wageni ya Hesketh tangu ilipokuwa na vyumba vitatu na kuku uani. Kisha mtu akamwona mjini Scarborough akitembea na Rawle wake, wameshikana mikono, na habari zikafika kabla yeye hajafika. Hesketh alimwita ofisini akamwambia, "Chakula chako hakina kasoro, Ancil. Kasoro ni wewe." Ndivyo alivyosema, mtu anayegawa mkate wa Bwana.

Ancil anapenda wanaume, Verlyn. Nililijua hilo kabla hajanitamkia. Nililia siku moja, nikamaliza. Sioni kwa nini Hesketh alie mwaka mzima.

Tulikwenda kulalamika serikalini. Binti wa pale alitupokea kwa adabu, akatupa viti, akatueleza kwamba sheria inamlinda mtu asifukuzwe kwa rangi yake, dini yake au asili yake, lakini kwa jambo hili la Ancil haimlindi. Alituomba radhi kana kwamba sheria aliiandika yeye. Nilirudi nyumbani nimekasirika hata sikuona njia.

Sasa huko bungeni Port of Spain wameanza kuzungumzia kuibadilisha sheria hiyo, na makanisa ya hapa yamewaka moto. Jumamosi hii yanaandamana Scarborough kuipinga. Mchungaji wetu, Roachford, anahubiri kwamba serikali itamlazimisha kufungisha ndoa za wanaume. Mimi nilisikiliza redioni neno kwa neno: wanazungumzia kazi, nyumba ya kupanga na kuhudumiwa dukani. Hakuna aliyemwomba Mchungaji keki ya harusi. Nilipomwambia hivyo mlangoni alinishika bega, akasema ataniombea. Nikamjibu aanze na Hesketh.

Basi Jumapili ya kabla ya Mavuno akatangaza kwamba nyumba yoyote inayoiunga mkono sheria hiyo, waumini wasile humo siku ya sikukuu. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, shingo zote ziligeuka kwangu. Verlyn, Siku ya Mavuno! Siku ambayo hata mpita njia asiyejulikana huingia nyumba yoyote kijijini akapakuliwa sahani. Mama yetu alimlisha hadi yule mwizi wa mbuzi zake, akamwongeza na mchuzi.

Lakini Mchungaji ni mtu wa Barbados, bado mgeni kwetu, na kuna jambo hakulijua. Hakujua mkate wa Mavuno unaokwa wapi. Majiko ya gesi yapo kila nyumba, ila mkate wa siku ile lazima utoke kwenye tanuri la udongo, na tanuri la udongo lililobaki kijijini ni moja tu, liko uani kwangu. Hesketh alijua, ila hakukumbuka, maana yeye huuona mkate ukiwa tayari mezani.

Asubuhi ya Jumamosi, siku moja kabla ya Mavuno, Ancil alikataa kuwasha. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono mapajani. "Mama, waache wakaoke kwenye gesi zao. Mimi sitawapikia watu wanaoniona uchafu."

Nikamwambia, "Washa, mwanangu. Hili ni tanuri la bibi yako, na mwenye tanuri leo ni wewe. Atakayelihitaji atakuja kwako."

Akawasha. Ilipofika saa tatu wanawake walikuwa wamejaa langoni na masinia yamefunikwa vitambaa, hakuna anayetangulia kuingia. Mbele yao alisimama Albertha, kiongozi wa maombi, mtu niliyecheza naye utotoni.

"Ianthe," akasema, "Mchungaji alikataza kula. Kuoka hakukataza."

Nilicheka mpaka nikashika lango. "Pita basi, wakili. Lakini sinia mpe Ancil mkononi, na umsalimie kwa jina lake, kama ulivyokuwa ukimsalimia alipokuwa anakubebea mizigo kutoka dukani. Asiyeweza, arudi na unga wake."

Cleorita aligeuka papo hapo, akaenda zake na unga umeumuka hadi unamwagikia viatu. Wengine watatu wakamfuata. Albertha alibaki ameuma mdomo. Kisha akaingia, akanyoosha sinia.

"Ancil. Hujambo?"

"Sijambo, Tanti Albertha. Shikamoo. Leo umezidisha hamira, hii ingekuja yenyewe bila wewe."

"Marahaba. Na usiniunguzie, tafadhali."

Baada yake waliingia wengine, mmoja mmoja. Ancil aliwapokea wote kwa utaratibu. Aliutengeneza na ule mkate mkubwa wa madhabahuni, wenye umbo la mganda, kwa sababu aliyepewa kazi hiyo alikuwa Cleorita na alikuwa amekwenda. Niliuweka madhabahuni mwenyewe Jumapili alfajiri, kati ya viazi vikuu na nazi.

Sasa ndiyo tunafika kwenye aibu ya Eulah. Kwaya ilipomaliza, Mchungaji aliuinua mkate ule juu, akamshukuru Mungu kwa mikono iliyouoka, akasema mikono kama hiyo ndiyo nguzo ya kijiji. Nikasimama. Sikupanga, Verlyn, goti lilisimama na mimi nikalifuata.

"Mikono hiyo ni ya Ancil wangu, Mchungaji. Hesketh aliifukuza kazi, na hakuna sheria ya kumuuliza kwa nini. Jumamosi mnakwenda kuandamana ili isiwepo."

Mchungaji akauteremsha mkate polepole. "Dada Ianthe, keti."

"Nimeketi vya kutosha," nikamwambia. Nikabaki nimesimama mpaka wimbo wa mwisho, na wimbo niliuimba wote. Hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Nyumbani tulikuwa tumepika kama kila mwaka: kaa na maandazi ya kuchemsha, wali wa pelau, mchuzi wa majani wa kalalu, nyama ya mwitu. Watu wa vijiji vingine walikuja wakala vizuri. Wa kwetu walipita barabarani wakitazama miguu yao. Iliniuma, sitakuficha. Nilipakua sahani nikazifunika, nikazifunua, nikazifunika tena.

Jioni Albertha akaja kwa mlango wa nyuma na bakuli lake. Alisema atakula kwake, kwa hiyo hajavunja neno la Mchungaji. Nilimjaza bakuli. Kisha akasema, "Nisikudanganye, Ianthe. Jumamosi nitaandamana. Lakini Ancil nitamsalimia daima."

Nikamwambia asante kwa salamu, ila salamu haimrudishii mtu kazi. Akachukua bakuli lake, akaondoka. Nampenda Albertha, na nina hasira naye hata sasa ninavyokuandikia.

Jana walikuja wawili, Mchungaji na Hesketh. Mchungaji anataka niombe radhi mbele ya kanisa, la sivyo niache uongozi wa akina mama wa madhabahu. Nikamwambia ataiambia madhabahu hiyo nini, nimeipiga deki tangu yeye yuko shule ya msingi. Ndipo Hesketh akageukia upande wa Ancil, sauti tamu kama sharubati. Alisema wageni wake wanalalamikia chakula. Ancil anaweza kurudi jikoni hata kesho, mradi asionekane na Rawle, na mama yake aache hizi siasa za sheria.

Verlyn, ni mwezi wa nne huu mwanangu anashinda nyumbani, anafuta majiko yaliyo safi. Na najua umemwambia aje huko kwako, kwamba huko sheria ipo, na kwamba uko tayari kumkatia tiketi. Nilijiambia, sasa atasema ndiyo kwa mmoja wenu, kwako au kwa Hesketh, na sina haki ya kumzuia.

Ancil alimtazama Hesketh bila hasira. "Na ukinichoka tena, Mjomba Hesketh, nitakwenda kulalamika kwa nani?"

Mchungaji akatazama saa yake. Ancil akasubiri, kwa adabu kabisa, kama anayesubiri mgeni aagize chakula, kisha akawafungulia lango.

Walipoondoka alinituma nikuandikie: Mama mdogo asinunue tiketi. Anasema atakuja kukutembelea kama wapwa wengine wanavyotembelea, akiwa na kazi yake na likizo yake. Kukimbia hakimbii.

Namsalimu sana Carlton. Wasalimie watoto, na umwambie mwanao Marva kwamba picha ya mjukuu imefika, ana paji la uso la baba yetu, maskini. Kaka Ulric anakusalimu, na Rawle pia anakusalimu, mzoee tu. Mungu akulinde, akutulize mgongo, akupe majirani wenye roho njema.

Jumamosi nitavaa nguo yangu nyeupe ya kanisa na kofia ya sikukuu, kama watakavyovaa wao, nisimame na Ancil upande wa pili wa barabara. Wakiimba nitaimba nao, maana nyimbo zile ni zangu pia. Wakifika mbele yetu, kila mmoja nitamwita kwa jina lake, na nitamtambulisha kwa mwanangu upya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kupungua,
Ianthe