Filamu ya Tano

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima wa mwili na mtulivu wa moyo, ingawa najua utulivu umepungua nyumbani kwenu tangu Jumatatu. Nakuuliza hali yako, ya shemeji na ya wapwa zangu wawili. Je, yule mdogo amepona kikohozi? Mimi afya ninayo. Kula nakula, ila chakula kinapita kooni kama mchanga, na usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Katika barua yako uliniomba mambo mawili: nikuchagulie filamu za kompyuta zitakazomfaa mpwa wangu mkubwa, kwa kuwa anataka kusomea kazi hiyo, na nikueleze kilichompata baba mkwe wako hapa kazini, kwa sababu yeye mwenyewe akirudi nyumbani hasemi. Maombi hayo mawili yana jibu moja, dada. Nivumilie nilifikie kwa utaratibu, maana nikikimbia nitaruka jambo.

Hujasahau kwamba baba mkwe wako ndiye aliyenisemea nikapata kazi ya kuandika vijitabu vya ukumbi huu wa sinema. Yeye yuko chini, katika stoo ya filamu, chumba cha rafu za chuma kinachonuka siki kwa sababu ya filamu zilizozeeka. Mimi niko juu, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Kwa miaka ishirini na saba hajapoteza kopo hata moja la filamu. Kila linalotoka huandikwa katika daftari lake kwa kalamu, na anayelichukua hutia saini, hata akiwa Mkurugenzi mwenyewe. Siku yangu ya kwanza nilimcheka, nikamwambia kwamba kompyuta ingemfanyia kazi hiyo kwa dakika moja. Akanijibu kwamba kompyuta haijui nani ana mikono michafu.

Mwezi uliopita Mkurugenzi aliamua tuwe na wiki nzima ya filamu zinazohusu kompyuta na kampuni za teknolojia, nami nikakabidhiwa kupendekeza filamu tano na kuandika sababu za kila moja. Wanijua, dada; nilivimba kichwa. Nilitaka kuwathibitishia watu kwamba filamu bora ya kompyuta si ile ambayo kijana anagonga vitufe kwa kasi ya cherehani na milango ya benki ikafunguka. Filamu bora ni ile inayowatazama watu waliokaa mbele ya mashine: nani anamwamuru nani, nani ananyamaza, nani anapokea sifa za kazi ya mwenzake. Kwa kipimo hicho nikachagua ya mafundi wawili waliounda kompyuta bandani wakaishia kutosalimiana. Ya mwandishi wa programu aliyegundua kosa katika mashine ya hospitali, bosi wake akamtaka afunge mdomo. Ya watu halisi wanaoshinda kutwa wakifuta picha za kutisha mtandaoni ili sisi tusizione. Na kichekesho cha ofisi moja ambamo hata meneja anaiogopa printa.

Ya tano niliisifu kwa kurasa mbili nzima. Ilimhusu mwanamke mfagizi wa chumba cha seva, zile kompyuta kuu za kampuni, ambaye, kwa kusikiliza mlio wa feni tu, aliweza kujua mashine ipi itakufa kesho, huku wahandisi wakimpita kama ndoo. Nikaandika na mwaka wake, na urefu wake: dakika tisini na nne.

Mkutanoni baba mkwe wako, Mzee kama tunavyomwita hapa, aliisoma orodha, akavua miwani, akasema taratibu kwamba hiyo ya tano haijui na stooni haimo. Watu wote wakanigeukia. Fundi wa projekta, ambaye hakosi la kusema, akatania kwamba leo Bwana Digrii kapatikana. Neno hilo lilinichoma. Ningeweza kusema kwamba nitahakikisha, yakaisha. Badala yake nikamwambia Mzee, mbele ya kadamnasi, kwa ile sauti yangu ya mdahalo usiyoipenda, kwamba kutoijua kwake si ushahidi kwamba haipo, na kwamba mimi niliitazama humo humo stooni mwake nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Ilikuwa katika kopo la buluu, rafu ya chini kabisa. Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Mkurugenzi akamwagiza ailete.

Aliitafuta siku tisa. Alishusha makopo yote, rafu baada ya rafu, akayafungua moja moja na kuyapangusa vumbi kwa shati lake. Mimi nilikuwa nikisikia makopo yakigongana huko chini huku nikijifanya nasahihisha kijitabu. Kisha minong'ono ikaanza: ameiuza, amemwazima mtu, mkono wake umekuwa mrefu. Jumatatu Mkurugenzi alimnyang'anya funguo. Alimwambia kwamba leo Ijumaa, saa tisa alasiri, atie saini karatasi ya kukiri kwamba filamu imepotea mikononi mwake, aondoke kimya kimya. Asipotia saini, suala litakwenda polisi.

Alifanya nini Mzee, unadhani? Hakunilaumu. Jana saa nne asubuhi alipanda ngazi hadi mezani kwangu, akavuta kiti, akaniita mwanangu. Akaniomba nimsimulie filamu ile tangu mwanzo, polepole, pengine kumbukumbu itamrudia na atajua aliiweka wapi. Dada, nilimsimulia. Nilimpa yule mwanamke na fagio lake, na taa za kijani, na siku aliyoegemeza sikio kwenye mashine huku wahandisi wakimcheka. Nilipoona anafumba macho nikaongeza mengine, mvua, binti yake mlangoni, sijui yalikuwa yanatoka wapi.

Alipofumbua macho akaniambia kwamba anaikumbuka. Akasema naam, kopo lilikuwa la buluu, na mfuniko wake ulikuwa na kutu upande mmoja. Akasema hata yule binti anamkumbuka. Kisha akaniomba radhi kwa kunibishia mbele ya watu. Akasema uzee umeshaanza kumla akili, na ni afadhali atie saini aende nyumbani kabla hajaharibu kitu kikubwa zaidi. Akarudisha kiti mahali pake, akashuka.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ambayo sijawahi kuijua. Kufukuzwa kazi nilikuwa nimeshakuogopa tangu siku ya mkutano, na hofu hiyo nilikuwa nimeizoea. Hii ni nyingine. Nimemtia mtu kichwani kumbukumbu ambayo si yake, naye akanishukuru.

Filamu ya tano haipo, dada. Haijawahi kutengenezwa na mtu yeyote. Nilikuwa na nne, siku zilikuwa zimekwisha, nikaiuliza ile programu ya akili mnemba, ambayo unaiuliza ikakujibu kama mtu, nayo ikanipa jina, mwaka, dakika na kisa chote bila kusita. Nilikipenda mno hata sikutaka kuhakikisha, kwani kuhakikisha kungekuwa kushuka ngazi na kumuuliza Mzee. Alasiri ile ile ya mkutano niliitafuta kila mahali nikakuta hakuna. Tangu saa hiyo nilijua, nikanyamaza. Kopo la buluu nililitunga mimi, pale pale, ili nishinde ubishi. Kutu kaitunga yeye, kwa kuniamini.

Sasa ni saa saba na nusu. Fundi wa projekta anapita kwenu akienda kula, nami nampa barua hii kabla sijagonga mlango wa Mkurugenzi. Naitoa mkononi makusudi, kwa sababu najijua: mimi ni hodari wa kubishana, lakini wa kukiri bado sijapimwa, na ngazi za kwenda kwa Mkurugenzi ni nyingi.

Kuhusu mpwa wangu, mtafutie ile ya mwandishi wa programu na hospitali. Hiyo ipo, na nimeitazama mara mbili.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto. Nawe ungoje mlangoni jioni ya leo. Baba mkwe wako akirudi na funguo zake, jua kwamba nimesema, na mengine nitayabeba mwenyewe. Akirudi mikono mitupu, basi nimeogopa. Hapo mketishe, umsomee barua hii yote, usiruke hata mstari, umwambie kwamba akili yake ni nzima.

Ni mimi mdogo wako,
wa kuzaliwa tumbo moja nawe.