Matairi Mapya ya Baba Yako Mdogo

Fortunata,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Kuku uwafungie mapema.

Nakwenda Lusewa kwenye misa ya kumbukumbu ya baba yenu. ~~Napanda basi.~~ Baba yako mdogo Brayson ananipeleka kwa gari la marehemu, lile alilolifungia matairi makubwa. Asubuhi tukitoka kanisani, kila akikata kona tairi lilikuwa linasugua madigadi. Pale Majengo trafiki akatusimamisha. Mshale wa spidi ulikuwa kwenye hamsini, niliuona mwenyewe, lakini tochi yao ilisoma hamsini na sita.

“Tochi mbovu hiyo, shemeji.”

Nikamkumbusha alivyoonywa na fundi: tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, na mshale haujui kama limebadilishwa. Akacheka, “Mama wa rozari naye kawa dereva!”

Nikipanda basi, ukoo wao utasema nimewakataa. Anapiga honi sasa hivi. Nitakaa mbele, mshale ukifika arobaini nimwambie inatosha.

Siku akija kukuita wewe na mdogo wako Edna mkatembee, msipande. Mimi nimeshindwa kukataa. Wewe kataa.

Mama yenu