Vazi la Mfalme na Mshumaa wa Fermín

Jumatatu, 12 Julai 1999
Mzee Nazario amekuja kukodi mavazi ya sikukuu ya Mtakatifu Yakobo. Seti nzima ya mchezo wa Wahispania walivyoiteka nchi yetu — Wahispania, machifu, mchawi mwekundu, na vazi la Mfalme, yule anayeuawa mwishoni mwa mchezo. Kaleta chupa ya pombe na ubani kama desturi inavyotaka. Akapiga goti mbele ya meza, akanywa, nami nikanywa. Ndipo akasema nani atacheza Mfalme mwaka huu. Eliseo! Mtoto wa kaka yangu! Ana miaka kumi na tisa, na ndevu zenyewe za kubahatisha.

Nikamwambia hapana. Akacheka. “Bi Hermelinda, mimi nakodi nguo, sijaja kuposa.”

Sikucheka. Fermín, baba yake, alilivaa vazi hilo, na baada ya hapo hatukumwona tena.

Jumatano, 14 Julai
Nimelitoa kabatini kulianika. Mahameli ya bluu, vioo vidogo kifuani, kengele kwenye mapindo. Na kinyago — ndani kina unyevu tena. Mwaka mzima hakijaguswa na mtu! Nimekifuta, nikakiweka juani uani. Wakati wa chakula nimekuta unyevu umerudi, pale pale chini ya macho. Naogopa, nasema wazi.

Ilikuwa themanini na mbili, wakati wa vita. Fermín alimaliza kucheza kule mlimani, akavua, akalifunga vazi kwenye shuka, wakaanza safari ya kurudi. Njiani watu wenye bunduki. Wenzake wakaachwa waende zao, yeye akapandishwa lori. Siku chache baadaye tukakuta vazi mlangoni, limefungwa vilevile, hata kengele moja haikupotea. Nani alileta? Hatujui mpaka leo.

Baba alinifundisha kushona, na alinifundisha hili pia. Kabla vazi halijatoka nyumbani, unamwashia mshumaa kila marehemu aliyewahi kulicheza, unamtaja kwa jina, unamwomba ruhusa. Ukimwacha marehemu, hukasirika, na anayelipa ni mchezaji. Ukimtaja aliye hai, umemzika kwa mdomo wako. Sasa Fermín nimweke upande gani? Mama hataki atajwe. Basi hatajwi. Na wanaolivaa? Mmoja alivunjika nyonga. Mwingine, Lázaro, sauti ilimkatika katikati ya maneno ya kufa, haijarudi. Walikuwa watu wa mbali, niliwahurumia, nikaendelea kukodisha. Safari hii ni damu yetu.

Jumamosi, 17 Julai
Eliseo kaja kupima. Vazi hili silikati kamwe. Nashikiza kwa nyuzi ndefu limkae mchezaji, sikukuu ikiisha nafumua. Amri ya Mama hiyo: mwenyewe akirudi, alikute lilivyo.

Nilikuwa na pini mdomoni, tayari. Sikutumia hata moja. Mabega, kiuno, mikono — sawasawa. Nimezitema pini nikakaa chini.

Mama alikuwa mlangoni anamenya maharage. Akaacha. “Geuka.” Akageuka. “Tena.” Akageuka tena, kengele zikalia.

“Umekawia,” Mama akamwambia.

“Samahani bibi, mvua ilinishika njiani,” akajibu mtoto wa watu.

Mama akainama, akarudi kwenye maharage yake.

Jumanne, 20 Julai
Tumegombana mimi na Mama. Nimemwomba aniruhusu nimtaje Fermín.

“Umeuona mwili?”

“Sijauona.”

“Basi funga mdomo wako. Unataka kumuua ndugu yako umekaa kitako, na sindano mkononi?”

Nikasema, na Eliseo je? Akanijibu kwamba Mfalme hufa kila mwaka, wakambeba kwa vilio, kisha akainuka akaenda kunywa uji kama wenzake. Nikamwambia mama, huo ni mchezo. Kaniangalia kama vile nimemtukana.

Nikamfuata Eliseo kwao, nikamsihi aachie mwingine. Kanishika mkono kwa upole. “Shangazi, sina hata picha ya baba. Nina hilo vazi tu. Niache nilivae.”

Nimerudi nalia barabarani, mtu mzima mimi.

Alhamisi, 22 Julai
Kengele zimelia kabatini. Mchana kweupe! Nimesema panya. Nimetoa kila kitu, nimefagia. Hakuna panya.

Jumapili, 25 Julai, asubuhi
Naandika kwenye meza ya cherehani. Nimewaambia nakuja kuchukua uzi. Uongo. Nimekimbia.

Eliseo yuko upande wa pili amevaa, bado kinyago tu. Mzee Nazario na wenzake wako nje wanasubiri. Ubani umeshachomwa. Nimefungua karatasi ya mishumaa aliyonunua Mama sokoni jana. Kila mwaka huleta mitatu: wa baba, wa mjomba Sixto, wa Anselmo Batz. Leo ipo minne.

Nimemuuliza huu mwingine wa nani. Kasema muuzaji amekosea. Mama huyu! Anayehesabu hata punje za maharage, akarudi sokoni kwa ajili ya nyanya moja!

Nimeipanga yote minne mezani. Hakukataa. Nikashika kiberiti. Wiki nzima nimepigania kulitaja jina hilo, na leo ulimi hautaki. Nikilitaja, hatarudi tena. Nikilinyamazia, Eliseo atatoka pale mlangoni bila ruhusa ya baba yake. Nikaweka kiberiti chini nikaja huku.

Ngoja — sauti ya Mama. Ameanza mwenyewe! Ukuta ni wa mbao, nasikia kila kitu. Njiti inapigwa: “Julián, mume wangu, mpe ruhusa kijana.” Njiti nyingine: “Sixto, kaka yangu, mpe ruhusa.” Nyingine: “Anselmo Batz, mpe ruhusa.”

Nje zumari limeanza, mtu kawaambia wanyamaze. Eliseo naye hatikisiki, kengele hata moja hailii.

Njiti ya nne imepigwa. Jina bado.