Mtu wa Insurance Amesema Nisiende Matanga

Wanaimba tena. Ni Alhamisi, mvua haijapumzika tangu asubuhi, hii yenye watu wanaita Elinino, na mimi nimekaa kwa kitanda naandika, nimejifungia kama mwizi. Ng'ambo ya mtaro, pale nyumba ya Mama Vero ilikuwa, wamefunga turubai. Naona miguu za watu zikipita chini ya mlango wangu. Hapa kwetu Soweto West kila mlango imeingia kwa hiyo turubai. Imebaki yangu.

Na si ati sitaki.

Baba Vero alikuwa soja huko Lavington. Usiku analinda, mchana analala. Jumapili ya wiki ile ingine Mama Vero alienda soko ya Toi kuuza nguo za watoto, akamwachia mshumaa imewaka juu ya mkebe, sababu hizi nyumba hazina dirisha na mtu akiamka gizani anakanyaga sufuria. Vero alikuwa nje anacheza na wenzake. Nilisikia tu watu wakipiga nduru. Tulimwaga maji ya mtaro, tukang'oa mabati na mikono. Moto haikufika kwangu.

Baba Vero hatukumfikia.

Hiyo mshumaa nilitengeneza mimi. Nafanya kazi Kawangware, pale Kongo, kwa Baba Shiro. Tunayeyusha nta kwa sufuria kubwa ya githeri, tunamwaga kwa vipande za paipu, ikipoa tunasukuma na kijiti. Sijui kama ilianguka, ama panya iliisukuma, ama ni blanketi iliigusa. Hakuna mtu ataniambia. Kile najua ni ati mimi ndio nilimuuzia Mama Vero. Nilimwambia awachane na koroboi, ile taa ya mkebe, moshi yake inamaliza mzee kifua. Baba Vero alikuwa anakohoa mpaka nasikia huku kwangu. Siku hiyo niliongea sana, na mi si mtu wa kuongea.

Sikuzote naangalia tu. Shule niliacha darasa la tano na hata huko sikuwa nainua mkono.

Hii maneno ya insurance ilianza na supermarket moja ya Ngong Road. Walipenda mishumaa zetu lakini wakasema kwanza Baba Shiro akate insurance, ndio mshumaa ikiharibia mtu kitu, kampuni ilipe. Baba Shiro akakata. Alifurahi mpaka akatununulia soda. "Sasa sisi ni watu kubwa," alisema. "Hata tukichoma Nairobi mzima tunalipiwa!"

Tukacheka. Hata mimi nilicheka.

Siku ya pili baada ya moto, agent wa hiyo insurance alikuja Kongo, Baba Shiro alikuwa amewaambia. Ni mtu wa tai, anapanguza kiti kabla akae. Alipata Baba Shiro ameweka sukari, unga na majani chai kwa kikapu.

"Hiyo inaenda wapi, mzee?"

"Kwa wenye msiba. Kijana wangu anawajua, ni majirani."

"Rudisha kwa duka. Usiende, usitume mtu, usichange hata shilingi. Huyo mama usimwambie pole. Ukienda, umekubali makosa ni yako. Na ukikubali, kampuni haitoi hata ndururu."

"Lakini mtu amekufa, bwana. Hata mtu mlikosana naye unamwendea."

"Basi mwendee. Halafu ukilipishwa kortini, uza hii sufuria."

Baba Shiro aliangalia sufuria, halafu akaniangalia mimi. Si mtu mbaya. Lakini ako na watoto wanne, na hii kazi ndio inawalisha.

"Wewe ndio unaishi huko," akaniambia. "Ukionekana kwa hiyo matanga, huku usirudi. Si mimi, ni hii insurance. Na huyo mama atalipwa pesa, doo mob kuliko hii sukari. Nyamaza tu kijana wangu, hivyo ndio utamsaidia."

Agent aliuliza bei ya paipu, akauliza nta inatoka wapi, akauliza kama tuko na license. Jina ya mwenye alikufa hakuuliza.

Nikanyamaza. Hiyo ndio kazi najua.

Lakini kunyamaza hapa ni ngumu. Asubuhi natoka mapema, jioni narudi nikipitia nyuma ya vyoo ndio nisipite kwa turubai. Juzi Odongo, yule fundi wa viatu mwenye anazungusha karai ya mchango, alinipata kwa kona.

"Niaje Nta." Hivyo ndio wananiita. "Mbona unapita hapa kama karao anavizia mtu?"

"Nitakuja."

"Lini, akifufuka? Mzee Ramadhan mwenye plot ni Mwislamu, amekaa na sisi siku zote, ametoa chai, ametoa viti. Wewe uko hapa tu ng'ambo ya mtaro!"

"Nitakuja, Odongo."

"Wachana naye," mathe mmoja wa kuuza maji akasema bila kuniangalia. "Angekuwa hana makosa angekuja."

Nililala na hiyo. Mtu wa insurance anasema nikienda ni kukubali makosa. Watu wangu wanasema nisipoenda ndio nimekubali. Wote wako na uhakika, na hakuna mmoja wao alikuwa ndani ya hiyo nyumba.

Hata hivyo nilikuwa nimejiambia nivumilie. Mama Vero akilipwa, atapata nyumba, Vero atarudi shule. Hiyo ndio ilikuwa inanishikilia.

Leo asubuhi, kabla nitoke niende Kongo, agent akabisha. Amevaa gumboot mpya, ako na camera kwa shingo.

"Wewe ndio uko karibu. Hawa watu walikuwa na koroboi?"

"Walikuwa nayo."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Sijawahi sikia mtu akisema vizuri akiangalia pahali kama hapo ng'ambo. Chini bado ni nyeusi.

"Lakini waliacha," nikamwambia. "Haikuwa na utambi. Vero alikuwa anaichezea."

"Sijakuuliza hiyo. Bosi wangu akija, wewe sema walikuwa na koroboi. Tukionyesha ni koroboi, mishumaa yenu iko safi."

"Na Mama Vero analipwa?"

Alinitazama kama anashangaa nimeongea. "Alipwe na nani, kijana? Mishumaa ikiwa safi hatulipi mtu. Insurance ni ya mzee wako. Si ya huyo mama."

Akafungua mwavuli akaenda kupiga picha.

Sikuenda kazi. Nilifunga mlango nikakaa hapa nimekaa. Siku hizi zote nilikuwa nanyamaza nikidhani namfanyia kitu. Kumbe nilikuwa namfanyia huyo mtu wa gumboot.

Halafu sasa hivi kumebishwa tena, chini kabisa ya mlango. Ni Vero. Amenyolewa, amevaa sweta ya mtu mkubwa, ameshika pesa kwa ngumi.

"Mama amesema unipatie mishumaa nne. Za kuweka kwa sanduku ya baba. Katekista ameuliza."

Nikavuta katoni ya mishumaa chini ya kitanda.

"Amesema za duka zinapinda," Vero akasema. "Na ameuliza kama uko mgonjwa. Juu hujakuja."

Mgonjwa. Watu wote wakisema vile wanasema, yeye alikuwa anadhani niko mgonjwa.

Vero alinipea pesa, nikamfungia ngumi yake tena. Nilimwambia aende, nitaleta mwenyewe. Akaniangalia, akauliza, "Kweli?" Nikasema kweli.

Manze naogopa. Hata hii mwandiko naona inapanda mlima. Agent bado ako huko juu kwa barabara na mwavuli yake, ataniona nikiingia. Baba Shiro atajua leo leo, na kazi nayo imeisha. Supermarket pengine imeisha pia, na watoto wake hawajanikosea kitu. Hiyo nayo nitabeba. Na kama huyo bosi ataniuliza koroboi, nitamwambia vile nilimwambia huyu. Haikuwa na utambi.

Kama ni mshumaa yangu ilimuua, nitamwangalia Mama Vero aje? Sijui. Nitasimama tu pale, nimwambie pole. Sina ingine.

Gari ya kutoka mochari imepiga honi huko juu, huku haiwezi fika sababu ya matope. Wanaume wameanza kupanda kwenda kubeba sanduku na kuimba kumenyamaza. Mishumaa nne nimeweka ndani ya shati zisilowe. Lazima nitoke sasa. Wanangoja kuwasha, na ni mimi niko nazo.