Nani Abebe Kasha Siku ya Sadaka ya Mume Wangu

Kegalle, tarehe 6 Mei

Mpendwa mshauri Kusuma,

Naomba unisaidie kabla ya tarehe ishirini na nane, maana siku hiyo mume wangu Piyasoma anatimiza mwaka tangu afariki, watawa wa Kibudha watakuja nyumbani kupokea sadaka, na mpaka leo sijui kama binti yangu wa pekee atakuwepo.

Piyasoma alikuwa fundi wa kushona, mtu mpole, akinywa chai ya rangi aliweka kipande cha sukari guru shavuni akakisahau, akaongea na wateja shavu limevimba, nami mpaka leo hucheka peke yangu nikikumbuka. Alikufa kwa ajali ya pikipiki, mvua inanyesha, kwenye kona ya kiwanda cha mpira, na aliyekuwa akiendesha ni mkwe wangu Asela, ambaye alivunjika mguu tu. Walikuwa wakinifuatia dawa za presha, basi lilichelewa, nikawaambia waende na pikipiki.

Baada ya msiba presha ilipanda sana, daktari akasema nijifunze kutulia na kuwaza mema, nikajiunga na akina mama wanaofanya tafakuri hekaluni, mtawa akatufundisha kufuata pumzi na kutakia heri, kwanza wewe mwenyewe, kisha umpendaye, kisha mtu usiyemjua sana, kisha anayekuudhi, mwisho viumbe vyote. Mimi huanza na Piyasoma. Nakaa naye saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, kisha naruka hadi viumbe vyote, hata mijusi ya ukutani naitakia heri, lakini jina la Asela siwezi kulitamka. Presha imeshuka. Jirani yangu Nandawathi hunitania, "Dada Ranmenika, wewe imebaki kunyoa nywele tu uhamie hekaluni!"

Lakini nikiri. Binti yangu Dilrukshi akianza habari za mumewe, mimi hufumba macho nikafuata pumzi. Juzi alikuja amekasirika, kwa kuwa nimempa mpwa wangu kazi ya kubeba kichwani kasha la masalia matakatifu mbele ya watawa, kutoka hekaluni hadi kwetu, na heshima hiyo ni ya mwanamume wa nyumba, na kwetu aliyebaki ni Asela.

"Mama, ukifumba macho unadhani na mimi nimetoweka?"

"Natafuta utulivu, mwanangu."

"Utulivu gani huo? Asela anasimama getini kila Jumapili na fenesi mkononi kama mchuuzi, unamwambia aliweke hapohapo! Asipobeba kasha, mimi sikanyagi hapa. Kula sadaka yako na Nandawathi."

Akaondoka bila kunywa chai. Jioni nilikaa mkekani, pumzi ikakataa. Nikimpa Asela kasha naona kama namsaliti Piyasoma, nisipompa nampoteza mtoto. Nifanye nini?

Ranmenika

*

Dada Ranmenika,

Pole sana. Mimi pia ni mjane, na sitakuambia umsahau mtu aliyekuchekesha kwa shavu lililovimba. Lakini utanivumilia nikikugombeza kidogo.

Umesema unamruka Asela. Kuna mwingine unayemruka, na hukumtaja: ni wewe mwenyewe. Uliambiwa uanze na nafsi yako, ukaanza na Piyasoma. Umeandika, "nikawaambia waende na pikipiki," halafu ukakimbilia kwa daktari. Nimesoma maneno hayo mara tatu. Dada, basi likichelewa, mtu yeyote angesema hivyo. Hukumuua mumeo. Asela naye hakuiita mvua. Unamweka getini kwa sababu kumtazama ni kukumbuka neno lako.

Nilimuuliza mtawa wa kike aliyenifundisha mimi. Alisema tafakuri ile ya heri hutumwa kwa walio hai. Marehemu ana njia yake, nayo ni sadaka, ambayo thawabu yake hupewa yeye. Ndiyo maana unakaa na Piyasoma saa nzima, kisha unainuka ukiwa huwezi kumtazama mtoto wako usoni. Presha kushuka ni jema, endelea na dawa na pumzi. Ila kufumba macho mtoto akiwa anasema nawe, huko si kutulia. Ni kumfungia mlango, acha.

Kuanzia kesho kaa robo saa tu. Anza na "mimi Ranmenika niwe salama." Kisha Asela, kwa jina. Usingoje moyo ukubali kwanza. Jumapili toka wewe mwenyewe hadi getini, umwambie, "Asela, mwanangu, ingia." Lipike fenesi hilo akiwa amekaa jikoni, mwite na Dilrukshi, uwaambie wote wawili kwa mdomo wako kwamba ni wewe uliyesema waende na pikipiki. Watalia. Na wewe lia, macho yakiwa wazi. Ndipo umwombe abebe kasha. Umwombe, usimwamuru, na umuulize kama mguu wake utaiweza njia. Mpwa wako mpe mwavuli alifunike kasha, atembee ubavuni mwake, asije akaona amevuliwa heshima.

Mimi naamini Dilrukshi atakuja. Na siku hiyo, mtakapomimina maji kikombeni hadi yafurike, kama ilivyo desturi ya kumpa marehemu thawabu, na kumpa Piyasoma yake, mtajeni na mume wangu, Gunasekara. Na mimi, dada, unikumbuke.

Kusuma