Kwa Mama Mkwe Uliyeyaona Magoti Yangu

Mama wa mke wangu,

Miaka yote tuliyojuana hatukuwahi kusalimiana kwa mkono. Ukiniona upande huu wa njia, ulihamia ule. Nikikuona kwanza, nilihama mimi. Ndivyo mkwe na mama mkwe wanavyoishi huku kwetu, na sikuwa na shida na hilo. Shida yangu ni nyingine. Leo nataka kuisema yote kwa utaratibu, maana sasa huwezi kunigeuzia mgongo ukaingia kwenye mahindi.

Unakumbuka ile asubuhi ya mvua kwenye njia ya kwenda Khayega. Wewe ulikuwa na kikapu cha mrenda kichwani. Mimi nilikuwa natoka msituni kujaribu kilti mpya, ile nguo uliyoiita sketi mpaka mwisho. Ngoja nikueleze, kwa kuwa wakati ule hukutaka kusikia. Suruali ikipita kwenye nyasi zilizolowa inanyonya maji, maji yanapanda mpaka gotini, halafu yanashuka ndani ya gambuti. Kilti ya pamba nzito iliyopakwa nta inaishia chini kidogo ya goti, na maji yanateleza na kumwagika nje. Yadi nne za kitambaa, marinda kumi na manane, nta sehemu mbili kwa sehemu moja ya yale mafuta maseremala wanayopaka mbao.

Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kuziba matundu ya turubai za malori ya miwa, vidole vikajaa alama za sindano. Siku moja mgeni aliyekuja kutembea msituni kutazama ndege akaniletea kilti yake iliyochanika kwenye miiba. Nilimshonea, lakini kabla ya kumrudishia niliigeuza nje ndani, ndani nje, mpaka nikaielewa. Leo wanaoongoza wageni msituni wanavaa zangu pamoja na makoti ya nta ninayoshona, na kule Navakholo wanaotega kware kwa kibali wananitumia vipimo kwa simu.

Basi asubuhi ile uliteleza, kikapu kikamwagika, nami nikachuchumaa kukuokotea mboga. Marinda yakafunguka. Ukayaona magoti yangu, yote mawili. Uliacha kikapu pale pale, ukarudi nyumbani.

Jioni mwanao Mmbone alirudi kutoka kwenu na ujumbe. "Mama anasema mvua haimwondolei mtu adabu."

"Mwambie nilikuwa naokota mboga zake."

"Nimemwambia. Anasema zingeokotwa na mtu mwenye suruali."

Wazee wakaamua: umemfunulia mama mkwe, basi mfunike. Nikakushonea koti la nta lenye kofia, refu mpaka kwenye vifundo, mikono mipana ili uvae juu ya sweta. Kukupima haikuwezekana. Nilimsimamisha Mmbone, nikaongeza inchi mbili kiunoni na kupunguza tatu kwenye urefu, nikakata kwa kukadiria. Nilikosea inchi moja tu begani, Mmbone aliniambia. Koti lile nilishona mara mbili kila mshono. Halafu nikapita karibu na kwenu mvua ikinyesha, nikamwona ndama wako amelivaa, limefungwa tumboni kwa kamba ya katani.

Niliumia, mama. Lakini fundi ni fundi, nilisimama kuangalia kidogo, na ndama alikuwa mkavu.

Halafu ukaja ule msimu barabara ya kwenu iligeuka uji. Mdogo wako alinikuta dukani, matope mpaka magotini. "Mkwe, dada ameanguka jikoni, ametegua mguu. Boda wamekataa kuingia. Mmbone yuko wapi?"

Mmbone alikuwa ameenda Kakamega mjini kununua uzi. Nikafunga duka.

Nilisimama uani kwenu, mbali na mlango, kama inavyotakiwa. Nilikusikia ndani ukisema, "Mwambie asiingie."

"Nani atakubeba, kuku?" mdogo wako akakuuliza.

Kisha ukasema, "Leteni ile nguo ya ndama."

Tulilikunja koti mara mbili, nikajitandika nalo kuanzia kisogoni mpaka kiunoni, nikachuchumaa kinyumenyume mlangoni. Mdogo wako akakupandisha. "Mimi nimefumba macho," akasema. "Sijaona mkwe, sijaona mama mkwe. Nimeona mzigo."

Kutoka kwenu mpaka barabara ya lami ni kilomita mbili na nusu. Mita mia chache za kwanza nilisikia pumzi yako tu. Halafu ukaongea nami mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, kwa mara ya kwanza.

"Unatembeanga hivi siku zote, kama umebeba mayai?"

"Nimebeba mama mkwe."

"Hiyo ni mbaya kuliko mayai."

Mdogo wako nyuma yetu akacheka mpaka akateleza. Ukaniuliza nta naipata wapi. Nikakuambia kwa wafuga nyuki wa pembeni mwa msitu, naipima kwa kilo. "Unapima na uchafu wake?" ukauliza. "Waambie wayeyushe kwanza, wachuje, ndiyo upime. Wewe unalipia mbawa za nyuki." Nilikuwa nimepiga hesabu za kazi hii pande zote, na hiyo sikuwa nimeiona. Karibu na daraja ukasema kwa sauti ndogo, "Hii nguo haipitishi kitu kweli. Sisikii hata joto lako." Nikajua ulikuwa umeridhika. Adabu yetu ilikuwa kavu.

Sasa hapa ndipo penye uchungu wangu. Bandeji haijachafuka, ukatuma neno: mkwe amenibeba, alete mbuzi. Nilikaa na neno hilo kama mwiba. Mgongo wangu ndio uliouma wiki nzima, na mimi ndiye wa kutozwa? Nilimwambia Mmbone hayo yote, naye akampelekea mdogo wako, na mdogo wako akanijia mwenyewe dukani. "Mkwe, asiyetakiwa haitishwi mbuzi," akasema. "Mkishamla pamoja, wewe na yeye, hatakukwepa njiani tena. Unafikiri alikuwa anatafuta nyama?"

Tukapatana iwe baada ya mavuno. Ukaondoka mahindi yakiwa bado mabichi.

Kwenye mazishi yako nilisimama na wakwe wengine, mbali na jeneza, kama mtu wa kuazimwa. Mbuzi alikuwa kwangu amefungwa, ananenepa. Hicho ndicho ninachokulaumu, mama. Ulinifungulia mlango nusu, ukaenda. Nimelibeba neno hili kifuani tangu siku ile: nitabaki mgeni kwenu mpaka nami nife?

Leo nimemleta yule mbuzi. Wazee walisema mdogo wako anaweza kukaa mahali pako, naye akakaa, amevaa kitambaa chako cha kichwa. Nilivaa suruali ya suti, kwa heshima yako. Alinipa kipande cha ini kwa mkono wake, nikakipokea kwa wangu, tukala tukitazamana. Mmbone alilia kidogo, akasingizia moshi.

Tulikuwa bado tunanawa mvua ilipoanza kusikika upande wa msituni. Mdogo wako akanitazama. "Wewe, mbona umekaa hapo kama mgeni? Ng'ombe atanyeshewa kule bondeni. Enda umlete umfunge bandani."

Uani watu wote wakageuka kunitazama. Unajua mwenyewe: mkwe huandaliwa kiti, hupewa maji, husindikizwa. Hatumwi. Katika miaka yote hii hakuna mtu wa kwenu aliyewahi kunituma hata kiberiti.

Nikainuka. Nikiwa nashuka bondeni nilimsikia Mmbone akisema, "Huyo hajui kufunga ng'ombe."

"Si atafundishwa," mdogo wako akajibu. "Kwani anaenda wapi?"

Nimemfunga, mama. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili limeshika. Pumzika.

Mtoto wako,
mume wa Mmbone