Allumage ya Pijo ya Astère

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Pijo imekataa. Haijawashwa tangu kiharusi kimpige mume wangu Astère, na wiki ijayo daktari wa Mbarara anataka kumwona. Kwa pikipiki haiwezekani — upande wa kulia wote umelala, ataanguka njiani. Tuna gari hili tu, 504 tuliyokimbia nayo Burundi 2015, kupitia Tanzania na mpaka wa Kikagati, hadi hapa Uganda.

Jirani yetu Kalume, Mkongo wa Fizi, fundi wa pikipiki, alikuja kwa roho nzuri. Akang'oa delko, kile kichwa kinachogawia bougie, yaani plagi, moto, akakisafisha, akakirudisha. Hakuweka alama kabla ya kung'oa. Sasa allumage, saa ya cheche kuwaka, imepotea: injini inalipua kwenye egzozi, maji yanachemka, nguvu hakuna.

Astère aliona yote kutoka kwenye kiti chake. Akampiga Kalume miguuni kwa fimbo. "Oya! Oya!" Hapana, kwa Kirundi; ndilo neno pekee lililobaki mdomoni mwake. Uji, oya. Kuoga, oya. Sala, oya. Siku hizi hata silisikii tena.

Jumanne, 10 Septemba
Kalume hataki kugusa tena. Amesimama mlangoni, kofia mkononi.
"Mama Élyse, mie niko fundi ya piki. Hii delko bwana yako ndiye anaijua, kwa masikio. Mumuulize yeye."
Nimuulize vipi, mtu asiyeongea?
Miaka yote ya ndoa hajaniruhusu kufungua boneti. Siku moja niliegemea tu fenda, akaniuliza natafuta nini hapo. Leo nimeifungua mbele yake. Aligeuza uso ukutani.

Alhamisi, 12 Septemba
Imekubali.

Nimemsogeza na kiti mpaka karibu na taa ya mbele. Kalume akakaa kwenye usukani kukanyaga mafuta. Nikalegeza nati chini ya delko, nikaishika kwa kitambaa, nikaizungusha. Mkono wa Astère wa kushoto ulikuwa hewani, kiganja chini, kama mtu anayetuliza watoto kanisani.

Nikizungusha sana mbele, injini inagonga — kokoto ndani ya sufuria. Kiganja kinashuka: rudisha. Nikirudisha mno inazubaa, inakohoa, egzozi inapata moto. Kiganja kinapanda. Mbele, nyuma, mbele. Mimi nilikuwa nasikia kelele tu. Yeye alifumba macho na kusikiliza kama mtu anayesikiliza jina lake likisomwa.

Nikaegemea bomba, kifundo cha mkono kikaungua. Sikuachia.

Halafu sauti ikashuka, ikawa moja, laini. Hata mimi nikaielewa. Kiganja kikasimama. Nikakaza nati.

Akanivuta mkono, akatazama pale palipoungua. Akaushika muda mrefu. Hajanigusa hivyo tangu kiharusi.

Nikamwambia, sasa tutafika Mbarara, daktari atakuona. "Oya," akasema. Nikacheka, nikamfuta mate.

Jumamosi, 14 Septemba
Anahangaika. Ananyooshea kidole sanduku lililo juu ya kabati. Nimelishusha, nimeweka mashuka na pajama, maana wanaweza kumlaza. Akatoa pajama. Akataka koti lake la harusi, rozari ya mama yake, na ufunguo wa nyumba yetu ya Makamba, kule Burundi. Ile nyumba sasa wanakaa watu wengine, anajua.
Nimeacha kila kitu ndani. Mgonjwa usimbishie.

Jumatatu, 16 Septemba
Naandika ndani ya gari, uwanja wa hospitali, Mbarara.

Tulitoka asubuhi, Kalume kwenye usukani, Astère pembeni yake, mimi nyuma. Pijo ilipanda milima ya Isingiro bila kugonga hata mara moja. Nusu ya mdomo wa Astère ilikuwa inacheka.

Tukafika barabara kubwa. Kulia Mbarara, kushoto Kikagati, njia ya mpakani. Akanyoosha mkono: kushoto. Kalume akanitazama kwenye kioo. Nikasema, kulia.
"Oya," akasema Astère. Polepole, akinigeukia. Safari hii nililisikia.
Nikasema tena, kulia.

Kwa hiyo siku ile kwenye boneti kila mtu alikuwa anatengeneza gari la safari yake. Mimi la kumleta hapa. Yeye la kurudi nyumbani kufa.

Hapa uwanjani, kabla Kalume hajavuta breki ya mkono, Astère alipeleka mkono wa kushoto kwenye usukani, akazima injini mwenyewe, akachomoa ufunguo na kuufumba kiganjani. Hataki kushuka.

Nesi alikuja na kiti cha magurudumu. Akampima presha hapohapo kwenye mlango wa gari, akakunja uso.
"Mama, huyu mzee iko mubaya. Lazima alale wodi leo leo. Toa yeye kwa gari."
Nikasema hataki.
"Hataki? Wewe ndio bibi yake. Wewe ndio unasema."
Amekwenda kumwita daktari. Kalume amesimama nje, ametupa mgongo. Anasema kama nikitaka, atatuendesha mpaka mpakani, mie niamue.

Astère ananitazama. Ngumi ameifumba juu ya ufunguo. Nimeigusa. Vidole havina nguvu. Nikivifungua vitafunguka tu, kama vya mtoto.

Daktari anakuja, namwona kwenye korido. Mkono wangu bado uko juu ya wake.